Kusoma uzamili au uzamivu kuhusu wanawake, lugha na Uislamu barani Afrika: pa kuanzia na namna ya kwenda

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, huletewa maswali yaleyale. "Mwalimu, nataka kusoma ufeministi wa Kiislamu lakini Kiarabu sikijui, nitaweza?" "Mimi ni mwanamume, watanikubali?" "Mada yangu ni Wanawake na Uislamu Afrika Mashariki, inatosha?" Na lipo lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya wenzake kuondoka: "Nikisoma haya, si nitakuwa nimeigeuka dini yangu?"

Nayajibu hapa kwa ufupi, kisha tuingie kazini. Kiarabu utakihitaji, ila unaweza kukianza leo na kukiendeleza ukiwa masomoni. Mwanamume anakubaliwa, na asiye Mwislamu anakubaliwa. Wote wawili watalazimika kupanga vizuri zaidi namna ya kuwafikia wanawake wanaotaka kuwasikiliza. Mada hiyo haitoshi, na hatua ya 1 inaeleza kwa nini. Ama swali la dini, mkumbuke Nana Asma'u wa Sokoto, Nigeria ya kaskazini, binti wa Sheikh Usman dan Fodio, aliyezaliwa 1793 na kufariki 1864. Alitunga kwa Kiarabu, Kifulfulde na Kihausa, na aliunda mtandao wa walimu wanawake, 'Yan Taru, waliokwenda vijijini kuwafundisha wanawake wenzao dini na kusoma. Mwanamke mwenye elimu anayeuliza juu ya nafasi ya wanawake ndani ya dini hakuletwa Afrika na vyuo vya Ulaya. Msome Asma'u kwanza, halafu ujiulize tena hilo swali lako.

Mwongozo huu unamfaa mwenye shahada ya kwanza ya Kiswahili, fasihi, historia, sheria, dini au sosholojia anayetaka kuendelea. Mifano yangu mingi inatoka pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu ndiko ninakokujua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha shahada na transkripti. Kama chuo chako kinachelewesha transkripti, iombe sasa hivi, usingoje tangazo la nafasi.
- Walimu 2 au 3 watakaokuandikia barua za mapendekezo. Wawe wamesoma kazi yako. Barua ya mkuu wa idara asiyekujua ni nyepesi kuliko ya mhadhiri aliyesahihisha tasnifu yako.
- Andishi moja lako la kurasa 10 hadi 20, lililosafishwa.
- Pasipoti na matokeo ya mtihani wa Kiingereza (IELTS au TOEFL), ikiwa unaomba nje. Baadhi ya vyuo husamehe mtihani huo kwa aliyesoma kwa Kiingereza. Uliza kabla ya kulipa.
- Kinasa sauti, au simu yenye nafasi ya kutosha.
- Programu ya kutunzia marejeo. Zotero haina malipo. Anza kuitumia kwenye kitabu cha kwanza kabisa, maana kurudi nyuma kutafuta ukurasa uliosahau kuuandika ni mateso.
- Daftari la maneno. Hili wengi hulidharau, na ndilo litakalokupa mada.
- Miezi 12. Aliyeanza miezi 2 kabla ya tarehe ya mwisho huonekana kwenye andiko lake.

Hatua ya 1. Shika neno, liachie bara

"Wanawake na Uislamu Afrika Mashariki" ni bahari, na msomaji wa maombi ana mafaili mengi mezani. Anachotafuta ni mtu aliyeona kitu fulani ambacho wengine wamekipita.

Tazama vitenzi vya ndoa, ambavyo unavitumia tangu utotoni. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Walii, yaani msimamizi wa binti, humwoza binti, binti huozwa. Ndoa ikivunjika kwa talaka, mume huacha, mke huachwa. Kila ukigeuka, mwanamke yuko kwenye kauli ya kutendwa. Kisha inakuja khului, pale mke anaporudisha mahari au kutoa fidia ili ndoa ivunjwe, na hapo watu wa pwani husema mke *amejivua*. Kiambishi -ji- kimeingia. Mtenda na mtendwa sasa ni mtu mmoja, naye ni mwanamke.

Swali la uzamili limekwisha kujitokeza. Mwanamke anayesimama mbele ya kadhi hujieleza kwa vitenzi gani? Karani anapoyaandika maneno yake kwenye jalada, hubakiza kitenzi kilekile au hukigeuza? Kikigeuka, nani amepoteza nini?

Fanya hivi: kwa wiki 3 andika kwenye daftari maneno 20 yanayohusu wanawake na dini unayoyasikia nyumbani, msikitini, madrasa, harusini, redioni. Sitara, uradhi, eda, mahari, fungate, kungwi, walii, haki. Mbele ya kila neno andika nani kalisema, kwa nani, na siku hiyo lilikuwa na maana gani. Mwisho wa wiki 3 kutakuwa na neno moja au mawili yanayokukosesha raha. Shika hayo.

Kosa la kawaida: kuchagua nadharia kwanza, kisha kutafuta mifano ya Kiswahili ya kuipamba. Wasomaji huliona kwenye aya ya pili.

Hatua ya 2. Jua ushahidi uko wapi kabla ya kuahidi

Swali zuri lisilo na data ni ndoto. Andika orodha ya mahali data yako iliko, na uhakikishe kuwa panafikika.

Ukitaka mahakama, tofautisha nchi. Kenya, Mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170, na mamlaka yake ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuja mbele ya kadhi. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi kwa sheria yake yenyewe. Tanzania Bara hakuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola. Wapo makadhi wa Bakwata, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanaosuluhisha, lakini shauri la talaka huenda mahakama za kawaida chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Nimesoma maandiko yaliyochanganya yote matatu kana kwamba ni ofisi moja yenye matawi. Ukikosea hapo, msomaji hatakuamini kwingine.

Ukitaka miswada, maktaba ya SOAS, chuo cha London cha taaluma za Asia na Afrika, ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Humo mna tungo zilizonakiliwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa kwa ajili ya mmisionari Mwingereza W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyiko wake chini ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha kupitia mradi wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini, na picha hizo ziko kwenye intaneti. Kwa hiyo unaweza kuanza ukiwa kwako Tabora au Bukavu bila nauli ya London.

Ukitaka mijadala ya karne iliyopita, tafuta magazeti. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa *Al-Islah* Mombasa mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu, na elimu ya watoto wa kike ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha. Ukitaka sauti hasa, santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928.

Hatua ya 3. Soma matini kwa macho yako mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi huruka.

Kila anayekuja kwangu ameshasikia habari za utendi wa Mwana Kupona binti Msham, naye ameshaamua: utendi unamfundisha mwanamke utumwa wa ndoa. Namuuliza, umeusoma? Ameusoma ndani ya makala ya mtu mwingine. Basi ukae nao. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepigana miaka mingi na Sultani wa Unguja, alikuwa ameshafariki. Ndiyo, anamwusia binti kumtumikia mume na kutafuta radhi yake. Lakini angalia pia utendi unavyoanza: mama anamwambia binti alete wino na karatasi. Angalia mwishoni, anapowaita wanawake wausome. Mama anaandika, binti anatayarishiwa maandishi, na wanawake wengine wanaalikwa kusoma. Mtu anayeandika juu ya wanawake na elimu pwani hawezi kuyapita hayo akatazama beti za mume peke yake. Sikwambii uutetee utendi. Nakwambia uusome wote, zaidi ya beti 100, mara 3, uandike pembeni kila mahali panapokupinga.

Kisha jifunze hati. Anayejua kusoma msahafu ana nusu ya kazi mkononi, ila asidhani ni yote. Waandishi wa zamani wa pwani walitumia herufi za Kiarabu bila kuongeza nyingi. Ba ilisimama mahali pa b na p, fa mahali pa f na v. Kasra ilibeba i na e, dhuma ikabeba u na o. Na mara nyingi m ya mbele ya b haikuandikwa. Sasa ukikuta kaf yenye dhuma, ikifuatwa na ba yenye fat-ha (alama ya a), unasoma nini? Yaweza kuwa *kupa*, *kopa*, *kuba*, *koba*, *kumba* au *komba*. Ni vina, mizani na maana ya ubeti vitakavyokwambia. Ndiyo maana matoleo mawili ya utendi mmoja, yaliyochapwa kwa herufi za Kirumi, yanaweza kutofautiana neno zima, na hoja iliyojengwa juu ya neno hilo ikaporomoka.

Zoezi: chukua picha ya ukurasa mmoja wa mswada. Nakili beti 5 kwa hati hiyohiyo ya Kiarabu, kisha ziandike kwa herufi za Kirumi, kisha linganisha na toleo lililochapwa. Siku ya kwanza itakuchukua saa 4. Baada ya mwezi, nusu saa.

Tahadhari: lugha ya tungo hizi ni Kiamu au Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa. Usiisahihishe iwe Kiswahili sanifu. *Ndoo* ya Kiamu ni "njoo", wala si chombo cha maji.

Hatua ya 4. Nadharia chache, zilizosomwa hadi mwisho

Usiniletee orodha ya wanadharia 15. Wanne au watano wanatosha kuanzia, ukiwasoma kitabu kizima.

Anza na Amina Wadud, Mmarekani Mweusi, ambaye kitabu chake juu ya Qur'ani na mwanamke kilitoka Malaysia mwaka 1992. Kitakufundisha namna ya kuuliza swali juu ya aya bila kuiacha aya. Leila Ahmed wa Misri, mwaka huohuo wa 1992, atakupa historia. Fatema Mernissi wa Fez, Moroko, atakuonyesha namna ya kuifuatilia hadithi ya Mtume hadi kwa mpokezi wake. Ousseina Alidou, mzaliwa wa Niger, ameandika juu ya wanawake Waislamu wa Niger na wa Kenya, na huyo ndiye atakayekuwa karibu zaidi na kazi yako. Halafu msome Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria, aliyedai mwaka 1997 kwamba "mwanamke" kama tabaka la jamii ililetwa kwa Wayoruba na ukoloni, akitegemea sana ukweli kwamba Kiyoruba hakibagui jinsia kwenye viwakilishi. Mbishie. Kiswahili nacho kina *yeye* mmoja kwa wote, na bado kina *oa* na *olewa*.

Kosa la kawaida: kumbandika mtu jina asilolichagua. Nana Asma'u na Mwana Kupona hawakujiita wafeministi, na Wadud mwenyewe kwa miaka mingi hakupenda kuitwa hivyo. Sema unachokiona kwenye maandishi yao, kisha eleza kwa nini neno *ufeministi* linakusaidia kukieleza, kama kweli linakusaidia.

Hatua ya 5. Linganisha tafsiri

Hili ni zoezi la jioni moja, nalo limewahi kuwapa wanafunzi wangu mada za tasnifu nzima.

Tafuta tafsiri za Qur'ani za Kiswahili zilizotoka nyakati na mikono tofauti: ya Godfrey Dale, mmisionari (1923), ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya (1953), ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy (1969), ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani (1995). Fungua sura An-Nisaa, aya ya 1. Kiarabu kinasema watu wameumbwa kutokana na *nafs* moja, na kutokana nayo ikaumbwa *zawj* wake. Kisarufi, *nafs* ni ya kike na *zawj* ni ya kiume. Wadud na wengine wamelitilia maanani jambo hilo. Kiswahili hakina namna ya kulibeba, kwa hiyo mfasiri analazimika kuamua: aandike *mkewe*, *mwenziwe* au *mwenzake*? Akiandika *mkewe*, msomaji wa Kiswahili ameshaambiwa kuwa nafsi ya kwanza ilikuwa ya mume. Andika kila mfasiri alichochagua, na kile alichokisema kwenye maelezo ya chini. Kisha nenda aya ya 34 ya sura hiyohiyo ufuatilie neno *qawwamun*, linaloeleza nafasi ya wanaume kwa wanawake.

Usimhukumu mfasiri siku hiyo. Andika tu.

Hatua ya 6. Andika andiko la utafiti

Sasa una neno, ushahidi, matini na wasomi wa kujibizana nao. Andiko la kurasa 3 hadi 5 liwe na:

1. Swali moja. Mfano: "Wanawake wanaoomba khului katika Mahakama ya Kadhi hujieleza kwa vitenzi gani, na vitenzi hivyo hubadilikaje vinapoingia kwenye jalada?"
2. Sababu ya kuuliza, aya 2.
3. Waliotangulia na mahali walipoishia. Kwa swali hilo utalazimika kumtaja Susan Hirsch, aliyechunguza lugha ya wanawake na wanaume Waswahili katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya (1998), na Margaret Strobel kwa historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa (1979). Asiyewataja amejifichua.
4. Data na mbinu: mashauri mangapi, miezi mingapi, nani atanakili rekodi.
5. Maadili: namna utakavyolinda majina.
6. Ratiba.

Tahadhari: futa sentensi isemayo "hakuna aliyewahi kuandika juu ya mada hii." Karibu kila nikiiona, yupo aliyeandika, na pengine ndiye anayekusoma.

Msomee mama yako, au dada asiyesoma chuo, aya ya kwanza kwa sauti. Asipojua unataka kujua nini, iandike upya.

Hatua ya 7. Chuo na msimamizi

Tafuta msimamizi kwanza, jina la chuo baadaye. Ukitaka kuandika tasnifu kwa Kiswahili, TATAKI ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) ni milango ya karibu, na vyuo kadhaa vya Kenya vina programu za Kiswahili hadi uzamivu. Ujerumani, Bayreuth ina mizizi mirefu katika fasihi ya Kiswahili. Uingereza, SOAS. Italia, L'Orientale ya Napoli. Marekani, Wisconsin-Madison ina idara nzima ya tamaduni za Kiafrika. Programu hubadilika, basi tazama tovuti ya mwaka huu.

Soma makala 2 za unayemtaka, kisha mwandikie barua pepe isiyozidi aya 3. Kwa mfano:

"Profesa mheshimiwa, mimi ni mhitimu wa Kiswahili, na ninakusudia kuchunguza vitenzi vya talaka katika mashauri ya kadhi, Mombasa. Katika makala yako ulieleza kuwa… nami nimekuta hali tofauti katika mashauri niliyoyahudhuria. Je, unapokea wanafunzi wa uzamivu mwaka ujao? Nimeambatisha muhtasari wa ukurasa 1."

Usiwatumie watu 10 barua moja. Asipojibu kwa wiki 3, mkumbushe mara moja, kisha endelea kwa mwingine.

Hatua ya 8. Fedha

Skolashipu za DAAD ya Ujerumani, Commonwealth ya Uingereza na Fulbright ya Marekani ziko wazi kwa waombaji wengi wa Afrika Mashariki, kila moja na masharti yake. Marekani, programu nyingi za uzamivu hulipa ada na posho kwa sharti la kufundisha, na anayekijua Kiswahili vizuri ana kitu cha kufundisha. Upo pia mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, mwaka mmoja bila shahada. Wengi wameutumia kujua mazingira kabla ya kuomba.

Usimlipe wakala. Maombi yote hupitia kwa mwombaji mwenyewe.

Hatua ya 9. Vibali na ridhaa

Kibali cha maadili cha chuo hakitoshi. Tanzania Bara unaomba COSTECH, Kenya unaomba NACOSTI, tume za sayansi za nchi hizo, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kibali cha Bara usidhani kitakuvusha bandarini Malindi, Unguja. Baada ya kibali cha taifa kuna wilaya, kisha mahakama au msikiti, kisha sheha au mzee wa mtaa. Ukimruka mmoja, utarudishwa kwake.

Ridhaa ya maandishi ni ya chuo. Ridhaa ya watu ni jambo jingine. Mama aliyekubali kukuhadithia ndoa yake hakukubali jirani aijue. Neno lake ni *sitara*, nalo lina uzito kuliko fomu yoyote. Badilisha jina, mtaa, kazi ya mume na idadi ya watoto. Mji ni mdogo, na vidokezo 3 vinatosha kumtambulisha mtu. Wanaume, nendeni na dada au shangazi anayefahamika pale, na mkubali kubaki barazani. Wote: salamu kamili kwanza, hali ya nyumbani kwanza, kinasa sauti mwisho. Msiende karibu na sala ya Magharibi.

Hatua ya 10. Nakili kilichosemwa

Hapa nina deni la kulisema. Katika utafiti wangu wa mwanzo nilimhoji bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, juu ya ndoa yake ya kwanza. Nilikuwa naandika kwa haraka, na kwenye daftari nikaweka "aliachwa 1961". Nilipomrudia kumsomea, akanishika mkono.

"Mwanangu, nani kakwambia naliwatwa? Mie sikuwatwa. Nalijivua."

*Kuwatwa* kwa Kimvita ni kuachwa. Kisha akanieleza alivyouza vikuku vyake ili arudishe mahari. Kwa miezi 4 daftari langu lilikuwa limemrudisha mama huyu kwenye kauli ya kutendwa ambayo alilipa dhahabu yake kuitoka, na mimi nilikuwa nikiandika tasnifu juu ya sauti za wanawake.

Kwa hiyo: rekodi ukiruhusiwa. Nakili neno kwa neno, lahaja ilivyo, na kusita kulivyo. Usitafsiri kwa Kiingereza kabla ya kumaliza kunakili kwa Kiswahili, kwa kuwa "divorced" ya Kiingereza hailazimiki kusema nani alimwacha nani. Kisha rudi kwa msemaji umsomee. Panga siku za kurudi kwenye ratiba tangu mwanzo, siku 1 kwa kila mahojiano 2.

Ukikwama

*Msimamizi hajibu miezi 2.* Mpelekee kurasa 5 zenye maswali 2 yaliyohesabiwa. "Naomba maoni yako" haijibiki, "je, nigawe sura ya 3?" hujibika. Kama bado, nenda kwa mratibu wa masomo ya juu, kwa maandishi.

*Mahakama haikuruhusu kuingia.* Mashauri ya ndoa ni nyeti, na kadhi ana haki ya kukataa. Omba majalada yaliyofungwa zamani, au geukia fatwa na vipindi vya maswali ya dini redioni, ambako wanawake huuliza yaleyale bila majina.

*Ndugu au sheikh anasema mada yako ni ya Kizungu.* Usibishane na neno *ufeministi*. Mweleze swali lako kwa Kiswahili: wanawake wetu husemaje wanapodai haki waliyopewa na sheria? Nimeona masheikh waliokuwa wakali wakitoa vitabu kabatini baada ya kulisikia hivyo. Wengine hawatalainika, na hapo unaaga kwa adabu.

*Wazee hawataki kurekodiwa.* Andika kwa mkono. Ukikataliwa hilo pia, kaa, sikiliza, na usilitumie bila ruhusa. Mara nyingi wa pili anakubali kwa kuwa ameona ulivyomheshimu wa kwanza.

*Mswada hausomeki.* Pitia beti zilizo kabla na baada, hesabu mizani (utenzi una mizani 8 kwa kipande), andika uwezekano wote, kisha mpelekee mtu wa Lamu au Pate anayejua kuimba tungo hizo. Sikio lake litachagua haraka kuliko kamusi yako.

*Umekosa ufadhili.* Omba maoni ya waliokukataa, ingawa wengi hawatoi. Tumia mwaka huo kutafuta makala moja ya kuchapisha: *Mulika* na *Kiswahili* za TATAKI hupokea kwa Kiswahili, na *Swahili Forum* husomwa bure kwenye intaneti, basi soma matoleo yake ujue mjadala uko wapi. Maombi ya pili yenye makala iliyochapwa husomwa kwa jicho jingine.

*Umechoka na hadithi za maumivu.* Hutokea, hasa kwa wanaohudhuria mashauri kila siku. Punguza ziwe siku 3 kwa wiki, siku 2 zibaki za kunakili na kusoma, na umweleze msimamizi mapema kabla ratiba haijavurugika.